Mwenyeji Wake Alikuwa Nani?

Wazee wa Fizi, mashariki ya Kongo, wakihesabu watoto wa babu mmoja, karibu kila mlango una mtu anayepitwa upesi. Wa kwanza anatajwa pamoja na wake zake na mashamba yake, wa pili pamoja na wanawe na ugonjwa uliomwondoa. Wa tatu: "Huyo alivuka." Kisha wanaingia kwa wa nne. Ukiuliza alivuka lini, utaambiwa wakati wa Mbelgiji. Jibu ni la kweli, ila halikusogezi mbali, maana wakati wa Mbelgiji ulikuwa zaidi ya miaka hamsini.

Alichovuka ni Ziwa Tanganyika. Ng'ambo kulikuwa na Ujiji na Kigoma, na kaskazini yake Rumonge na Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura. Wapo ambao hawakuishia hapo. Reli ya Wadachi, yaani Wajerumani, iliyoanzia Dar es Salaam ilifika Tabora 1912, na mwanzoni mwa 1914 ikafika Kigoma. Tangu siku hiyo mtu aliyeshuka mtumbwini aliweza kufika Bahari ya Hindi bila kubeba mzigo wa mtu kichwani, na kutoka pale Unguja ilikuwa safari ya jahazi tu. Ndiyo maana leo kitukuu wa mtu wa Kazimia, pwani ya Fizi, anauza dukani Kariakoo, wakati ndugu zake waliobaki Kazimia wana watoto katika kambi ya Nyarugusu au Marekani, na pande zote mbili zinaulizana.

Wengi wanaotafuta huanza na jina. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia ndefu kuliko zote, kwa sababu jina lilikuwa kitu cha kwanza ambacho msafiri yule alikiacha. Kilichobaki ni nyumba iliyompokea. Mtu hakuteremka Ujiji na kulala barazani kwa yeyote. Alikwenda kwa mtu wa kwao, au kwa mtu aliyemjua mtu wa kwao, na nyumba hiyo ndiyo iliyompa kazi, mke, shehe wa kumsilimisha na mahali pa kuzikwa. Basi ukienda Ujiji, nenda na swali moja: mwenyeji wake alikuwa nani?

Anayetazama ramani huona ziwa kama ukuta kati ya nchi na nchi. Watu wa Baraka, pwani ya Fizi, hawakuliona hivyo hata siku moja. Lina urefu wa zaidi ya kilomita 670, lakini upana wake mahali pengi ni kilomita hamsini hivi, na rasi ya Ubwari, inayoifunika ghuba ya Baraka kwa upande wa mashariki, inaupunguza zaidi. Aprili 1858, Richard Burton na John Speke walipotoka Ujiji kwenda Uvira, wapiga makasia wao waliambaa na pwani ya mashariki mpaka Urundi, kisha wakakata maji kuelekea Ubwari, ambayo Burton aliidhania kisiwa. Wazungu waliandika safari ile kama ugunduzi. Kwa wapiga makasia ilikuwa njia ya kazini. Chumvi ya Uvinza ilikwenda magharibi na mawese yalikuja mashariki kabla ya wageni hao, na mpaka leo mawese ya Kongo yanashushwa Kigoma.

Juu ya njia hiyo hiyo ikaja biashara ya pembe na watu. Miaka ya 1880 Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kama Rumaliza, alikuwa na nguvu kuanzia Ujiji mpaka ncha ya kaskazini ya ziwa, na hakuvunjwa hadi mwanzoni mwa 1894, majeshi ya Dola Huru ya Kongo yalipomshinda. Mapadri Weupe walifungua misheni Kibanga, upande wa Ubwari, 1883, wakawa wanawakomboa watoto kwa vitambaa na kuwalea hapo. Hayo yote ni ya karne ya kumi na tisa, na huenda msomaji anajiuliza yanamhusu nini mtu aliyevuka 1912. Yanamhusu kwa sababu moja: waliovuka kwa hiari mwanzoni mwa karne ya ishirini waliwakuta ng'ambo watu wa pwani yao waliopelekwa kwa nguvu kizazi kimoja kabla. Mwenyeji wa babu yako aweza kuwa alifika Ujiji na kamba shingoni. Mjukuu wa mwenyeji huyo hatakwambia neno hilo katika mazungumzo ya kwanza, wala si adabu kumlazimisha.

Kwa nini waliondoka? Ubelgiji ilichukua Kongo mikononi mwa mfalme wake 1908, na amri za 1910 zikaweka machifu waliotambuliwa na serikali pamoja na kodi ya kila mwanamume. Kodi ilitaka fedha, na milimani kwa Wabembe wa Fizi fedha haikuwepo. Ng'ambo Wadachi nao walikuwa wametoza kodi ya nyumba ya rupia tatu tangu mwishoni mwa miaka ya 1890, lakini kule angalau palikuwa na kazi ya kuipata rupia yenyewe: bandari, reli, mizigo, uvuvi wa kuuza. Malale nayo ilikuwa ikiua watu kandokando ya ziwa, na serikali zote mbili zilijibu kwa kuwahamisha watu kutoka ufukweni. Mtu aliyeambiwa ahame kijiji chake alikuwa na sababu nzuri ya kuchagua mwenyewe pa kwenda.

Halafu ikaja vita, na hapa ni lazima mtafutaji aende taratibu, maana vita ya Wadachi ilitawanya watu wa pwani hii katika muda wa miaka michache tu. Desemba 1915 Waingereza, waliokuwa wameburuta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Afrika ya Kusini kupitia misitu, waliiteka Kingani, meli ya Wadachi. Februari 1916 wakaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Julai mwaka huo Wadachi wenyewe waliizamisha meli yao kubwa, Graf von Götzen, wasiiache mikononi mwa adui, na Wabelgiji wakaingia Kigoma. Tarehe 19 Septemba 1916 walikuwa Tabora. Nyuma ya kila askari wa Force Publique, jeshi la Wabelgiji la Kongo, palikuwa na wapagazi. Kwa vita nzima katika Afrika Mashariki hutajwa zaidi ya laki mbili waliochukuliwa kutoka Kongo. Wengine walikufa njiani kwa kuhara na baridi ya milimani. Wengine vita ilipokwisha hawakuona sababu ya kurudi.

Kuna jambo kuhusu miaka ile ambalo mara nyingi husahaulika, na kwangu mimi ndilo ufunguo wa utafutaji wote. Wabelgiji hawakuondoka Kigoma vita ilipokwisha. Mapatano ya 1919 kati yao na Waingereza yaliwaachia Ruanda na Urundi, lakini Kigoma walikabidhi Machi 1921. Yaani kwa karibu miaka mitano, Baraka na Kigoma zilikuwa chini ya bendera moja. Mtu wa Fizi aliyevuka 1918 kwenda Ujiji, machoni pa watawala wake, hakuwa ametoka mikononi mwao. Kwa hiyo usipoteze muda kumtafuta katika orodha ya wahamiaji. Alilala Mkongo, akaamka yumo katika Tanganyika ya Mwingereza, bila kuinuka kwenye mkeka wake. Na hata baada ya hapo Wabelgiji walibaki na eneo lao la bandari Kigoma na jingine Dar es Salaam, kwa kuwa mizigo ya Kongo ya mashariki ilipita huko. Reli ya upande wao ilikuwa imefika Albertville, Kalemie ya leo, 1915.

Tarehe za wazee zinaweza kupangwa kwa kalenda yao wenyewe. Usiulize mwaka. Uliza kama alivuka kabla au baada ya vita ya Wadachi. Uliza kama mafua makubwa ya 1918 yalimkuta nyumbani. Uliza kama Liemba ilikuwa imeanza kwenda: hiyo ni ile ile Graf von Götzen, iliyoinuliwa kutoka chini ya maji na kurudishwa kazini 1927 kwa jina jipya. Kwa maswali hayo matatu, "wakati wa Mbelgiji" unakatwa ukawa vipande vinavyoshikika.

Sasa majina. Kijana aliyeondoka Fizi akiitwa Wilondja au Asukulu alifika mji wa Kiislamu uliokuwa na desturi zake, na kabla ya miaka mingi kupita alikuwa Ramadhani, Hassani, Juma. Akihitaji jina la baba, na baba hakuwa Mwislamu, mara nyingi aliandikwa bin Abdallah, ambalo lawafaa wote kwa kuwa kila mtu ni mja wa Mungu. Ukimwona "Juma bin Abdallah" katika kumbukumbu za Ujiji, usikimbilie kumtafuta Abdallah wa Baraka. Huenda hakuwepo.

Kabila nalo liligeuka. Ujiji, Tabora, Dar es Salaam na Unguja, waliotoka magharibi ya ziwa waliwekwa wote chini ya jina moja, Wamanyema, na watawala Wadachi na Waingereza wakaliandika hivyo hivyo katika vitabu vyao. Maniema yenyewe iko mbali, ndani kabisa, upande wa Kasongo na Kindu. Mtafutaji anayelifuata jina hilo atasafiri mpaka Kasongo kumtafuta mtu aliyezaliwa ufukweni Ubwari. Ndani ya nyumba, hata hivyo, watu hawakusahau. Ukikaa na wenyeji wa Kasingirima au Kitongoni mpaka chai ya pili, Mmanyema anaanza kugawanyika: huyu ni Mbwari, huyu Mgoma, yule Mmasanze, yule Mbembe, yule Mbuyu. Ukishalipata hilo umeokoa mwaka mzima wa kuhangaika, kwa sababu kila jina kati ya hayo lina kipande chake cha pwani au cha mlima. Mbembe naye ana ukoo wake: Basimukuma, Basimunyaka, Babungwe, Balala, Basikalangwa. Mzee wa Ujiji huenda asilijue jina la kijiji, lakini akilijua la ukoo, wazee wa Fizi watakuonyesha mlima.

(Anayetafuta kwa intaneti na ajihadhari. Ukiandika Bembe utaletewa sanamu nzuri sana za Wabembe wa Kongo-Brazzaville, ambao ni watu wengine, pamoja na Wabemba wa Zambia, ambao ni wengine tena. Ukiandika Baraka utapata nyimbo za injili, na misheni ya zamani ya Waamerika kule Gabon.)

Upande wa Kongo pana msaada ambao wengi wanao mfukoni bila kujua. Mwanzoni mwa 1972 serikali ya Mobutu iliwaamuru Wazairwa waache majina ya ubatizo na kuchukua ya asili. Familia nyingi, zilipoulizwa ziongeze jina gani, zilichukua la babu au la ndugu wa babu. Jina la tatu kwenye kitambulisho cha marehemu baba yako, lile ambalo hakuna aliyewahi kumwita, linaweza kuwa la yule aliyevuka. Muulize shangazi kabla hujamuuliza mtu wa makumbusho.

Njia ya kumfikia mwenyeji ni mali kuliko maneno. Watu waliovuka walibaki wakitumiana vitu, na vitu hukumbukwa hata pale majina yamefutika. Nani alikuwa akiwaletea mawese? Yakifika yalishushwa kwa nani? Binti yenu aliolewa na mtu aliyekuja na mtumbwi wa wapi? Mzee wa Ujiji akiulizwa, "Babu yenu alitoka kijiji gani cha Kongo?" hujifunga. Akiulizwa, "Mzee, mawese mlikuwa mnanunua kwa nani zamani?" huegemea ukuta na kuanza kuhesabu watu, na katika hao watu ndimo alimo wako. Wanawake huulizwa kwa namna nyingine. Majina yao hayakuandikwa kwenye viwanja wala kwenye kodi, kwa hiyo mwanamke aliyevuka hupotea mara mbili. Lakini majina ya kike ya nyumbani hurudi kwa wajukuu, na jina la Kibembe lisilo na maelezo kwa msichana wa Kigoma ni alama ya kufuatwa. Makaburi ya kawaida hayana maandishi. Waliozikwa pamoja, hata hivyo, kwa kawaida waliishi pamoja, na mtu anayejua kaburi la mwenyeji atakuonyesha la mgeni wake.

Na msikiti. Kule Dar es Salaam, Msikiti wa Manyema uko Kariakoo, katika mtaa ambao jina lake lenyewe lilizaliwa na vita ile, kwa kuwa hapo walikaa wapagazi wa Carrier Corps ya Mwingereza. Mtu aliyepanda treni Kigoma na kushuka mwisho wa reli alikuwa anajua pa kuuliza.

Karatasi je? Zipo, ila si pale ambapo mtu angezitazamia. Fizi imepitiwa na uasi wa 1964, vita ya 1996 na ya 1998, na ofisi za sekta zake nne, Mutambala, Tanganyika, Ngandja na Lulenge, si mahali pa kutumainia daftari la kodi la 1915. Karatasi za Wabelgiji zilikwenda Brussels, na wasafiri wa kawaida hawamo humo. Utamkuta aliyekuwa askari, aliyefungwa, au aliyegombana na chifu. Mapadri Weupe walikuwa na desturi ya kuandika shajara ya kila misheni, na shajara hizo, zilizohifadhiwa Roma, zinataja watu kwa majina ya ubatizo. Dar es Salaam, katika Nyaraka za Taifa, kuna majalada ya Wadachi na kitabu cha wilaya ya Kigoma cha wakati wa Mwingereza. Wadachi walitoa pia hati za uhuru kwa maelfu ya watumwa, na kwa amri yao kila mtoto wa mtumwa aliyezaliwa baada ya mwisho wa 1905 alikuwa huru. Kama babu yako alimwoa binti wa nyumba ya namna hiyo, hati ya mama mkwe yaweza kuwepo wakati yake mwenyewe haipo. Hapo tena tunarudi kwa mwenyeji: karatasi hufuata aliyekaa, si anayepita.

Ili msomaji asidhani kuwa umaarufu ungerahisisha kazi, na amtazame Sheikh Ramiya wa Bagamoyo. Jina lake ni Yahya bin Abdallah. Aliletwa pwani kutoka upande wa Kongo akiwa mtoto mtumwa, akakulia katika nyumba ya tajiri Mwarabu wa ukoo wa Lemki, akapata uhuru wake, akauza samaki, akanunua mashamba, akasoma, akawa khalifa mkubwa wa tarika ya Kadiria, na baada ya Wadachi kuondoka akawa liwali wa Bagamoyo. Alifariki 1931, na mpaka leo watu hukusanyika Bagamoyo kila mwaka kwa zikri ya jina lake. Wanahistoria wamemwandikia kurasa nyingi. Na katika kurasa hizo asili yake imeandikwa nini? Mmanyema. Baba yake? Abdallah. Kama mtu mkubwa kiasi hicho, mwenye zawiya, wanafunzi na wajukuu wanaojulikana, amebaki na maneno hayo mawili kwa upande wa bara, basi mpagazi aliyekufa Ujiji akiwa na mtumbwi mmoja hatapatikana kwa jina. Lakini nyumba ya Lemki inajulikana. Kinachosimuliwa juu ya utoto wa Ramiya kinaanzia kwa waliompokea.

Nimeacha kwa mwisho jambo linalowakwaza wengi. Mtu wa Fizi anapofika Kigoma kwa furaha na kusema, "Sisi ni ndugu, babu yenu ni wa kwetu," anadhani analeta zawadi. Kwa mwenye nyumba huenda analeta kesi. Mkoa wa Kigoma umepokea wakimbizi kwa miongo kadhaa. Tangu 1996 Wabembe kwa maelfu walikaa Lugufu na Nyarugusu. Na wakazi wa mkoa huo wamelalamika muda mrefu kwamba wao huulizwa uraia wao kuliko Watanzania wengine. Familia iliyopo Ujiji tangu 1910 ina haki yake yote, lakini haitaki kijana mwenye simu akirekodi kwa sauti kubwa kwamba babu yao alitoka Kongo. Ukimya wa wazee hao si kwamba wamesahau. Zungumza ndani, usirekodi mpaka uruhusiwe, usiweke picha zao popote. Upande wa Fizi nako pana hofu yake: jamaa wanaotokea ghafla kutoka Tanzania au Marekani huulizwa kimoyomoyo kama wamekuja kudai shamba. Ni vizuri kulisema hilo mapema, mbele ya wazee wa ukoo, kabla ya kuonyeshwa mipaka.

DNA? Inaweza kumwonyesha binamu aliyepima na mwingine aliyepima. Wa Marekani wamepima. Wa Kitongoni bado.

Kwa hiyo uthibitisho hufanywa kwa mdomo, na una kanuni ambayo wazee wa pande zote mbili huielewa bila kufundishwa. Kabla hujavuka, kaa na mzee wa Fizi akupe habari zote za aliyeondoka: dada zake, kovu lake, aligombana na nani, aliondoka na mtumbwi wa nani. Kisha chagua moja, usiitaje ng'ambo kwa mtu yeyote, hata kwa mwenyeji wako mwenyewe. Ukiimwaga kila habari barazani siku ya kwanza, kesho yake kila nyumba itakuwa imemkumbuka babu yako, kwa wema tu, kwa kutaka ufurahi. Lile moja ulilobakiza, mara nyingi jina la dada aliyemlilia ufukweni, liache likae. Mzee wa Ujiji akilitaja mwenyewe katikati ya habari za mawese, mpigie simu mzee wa Fizi, kisha uwaachie wazungumze.